Karl Ziegler, mtu wa nyumba ya makaa aliyetuachia plastiki ngumu

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wa mama na watoto munaosoma ukurasa huu, munaijua ile tiyo nyeusi. Ile inayopita pembeni ya barabara ya mgodi, inabeba maji ya aside kutoka kwenye pompi hadi juu ya marundo ya mawe ya shaba. Munajua pia bashi nyeusi inayotandikwa chini ya mabwawa ya uchafu, bido ya njano inayokaa mlangoni pa kila nyumba, kofia ya kazi, na mfuko mweupe wa kusukwa ambao wachimbaji wanabebea mali. Vitu hivi vyote ni vya jamaa moja ya plastiki, wenye elimu wanaiita poliolefini. Mtu aliyeipanulia jamaa hiyo mlango alikufa zamani, mwaka 1973, na kazi yake aliifanya katika nyumba iliyosimamishwa kwa feza ya makaa ya mawe. Njo maana naona maisha yake yanatuhusu sisi wa migodi. Jina lake ni Karl Ziegler.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1898 ku Helsa, kijiji karibu na mji wa Kassel, Ujerumani. Baba yake alikuwa pasta wa Kanisa la Kiluteri. Mwaka 1910 jamaa ilihamia Marburg, mji wa universite. Mtoto alipata kitabu kimoja cha kuanzia fizike, kikamshika sana, akaanza kufanya majaribio nyumbani. Alipoingia universite, walimu waliona mambo ya mwanzo anayajua tayari, wakamruhusu kuruka semestre mbili za kwanza. Mwaka 1918 akatumwa vitani kama askari, akarudi mzima, na mwaka 1920 akapata udaktari wa shimi, elimu ile ya kuchanganya vitu na kuvigeuza. Mwaka 1922 akamuoa Maria Kurtz. Walizaa watoto wawili.

Kwa miaka karibu kumi alifundisha ku Heidelberg, kisha mwaka 1936 akapewa kuongoza shimi ku Halle. Ile ilikuwa miaka ya Hitler, na profesa alikuwa mtumishi wa serikali. Ziegler alibaki katika kazi yake chini ya utawala ule. Nasema hivi juu historia ya mtu mkubwa haipaswi kupakwa rangi nyeupe tu.

Kazi yake wakati huo ilikuwa kuunganisha metali na kaboni. Alianza na sodiamu, potasiamu na lityamu. Wale waliosoma shimi masomo ya sekondari wanakumbuka sodiamu: mwalimu anatupa kipande kidogo majini, kinakimbia-kimbia juu ya maji na kuwaka. Vitu alivyotengeneza Ziegler vilikuwa vikali zaidi ya pale. Baadaye akaingia kwenye aluminyo. Kuna maji-maji moja yanayoitwa trietili-aluminyo: ukiyafungua tu hewani, yanawaka moto yenyewe, bila kiberiti. Wafanyakazi wake walipaswa kufanya kila kitu ndani ya vyombo visivyo na hewa, vyenye gazi ya azoti. Kosa moja la mkono, mtu anaungua. Tukisoma historia za wavumbuzi, mara nyingi tunasahau hiyo mikono.

Mwaka 1943, vita vikiendelea, akaitwa kuongoza nyumba moja ya utafiti ku Mülheim, mji ulio kando ya mto Ruhr. Ruhr kwa Ujerumani ilikuwa sawa Katanga kwetu: migodi, tanuru, moshi, reli, na nyumba za wafanyakazi kwa mistari. Nyumba hiyo ya utafiti ilifunguliwa mwaka 1914. Mji ulisaidia kuijenga na makampuni ya makaa yakatoa feza ya kuiendesha. Jina lake ni nyumba ya utafiti wa makaa ya mawe. Pale ndipo Franz Fischer na Hans Tropsch walionyesha, mwaka 1925, namna ya kutoa mafuta ya gari katika makaa. Kwa hiyo wenye migodi walimngoja kiongozi mpya wa kuwatafutia njia nyingine za kuuza makaa yao.

Ziegler alikataa. Hakukataa kazi, alikataa kufungwa kamba. Aliweka sharti moja kabla ya kukubali: awe huru kutafuta popote katika mambo ya kaboni, hata kama hakuna anayeona namna gani yatafaa makaa. Mtu mwingine angefukuzwa mlangoni. Wao wakakubali, na akaenda. Mimi kama mtu wa sendika nimezoea kuona namna sharti linavyowekwa mezani, na nakwambia, sharti lile lilikuwa la ujasiri, juu aliliweka mbele ya wenye feza, mu wakati wa vita. Vita vilipoisha mwaka 1945, Ujerumani ikiwa imevunjika, alibaki Mülheim na kuanza tena.

Sasa tufike kwenye plastiki yenyewe. Kuna gazi inaitwa etileni. Ni ndogo sana: kaboni mbili tu na hidrojeni nne. Ku Ruhr iliweza kupatikana katika gazi inayotoka kwenye tanuru wanazogeuzia makaa kuwa koke. Ukiunganisha etileni moja na nyingine, na nyingine tena, kama mabehewa ya treni, unapata kitu kigumu kinachoitwa polietileni. Waingereza wa kampuni ya ICI waliigundua mwaka 1933, nao pia kwa bahati. Lakini njia yao ilitaka presio kubwa sana, zaidi ya mara 1000 ya ile ya hewa tunayovuta. Gurudumu la lori kubwa lina kama 8 tu. Fikiri chombo cha kuvumilia hiyo presio, bei yake na hatari yake. Na plastiki iliyotoka ilikuwa laini, juu mabehewa hayakukaa kwa mstari mmoja: kila mahali kulichipuka matawi, kama kichaka. Vitu vya matawi haviwezi kupangwa vikabanana. Ilifaa kufunika nyaya za umeme na za radar, lakini kwa tiyo ya mgodi, hapana.

Ziegler hakutafuta plastiki. Alitaka kujua aluminyo inaweza kurefusha mnyororo wa etileni hadi wapi. Kijana wake Erhard Holzkamp alikuwa anafanya majaribio hayo ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa sana. Siku moja mnyororo haukurefuka kabisa. Ulisimama kwenye etileni mbili tu, basi. Jaribio limeharibika. Bosi wengi wangesema kijana amefanya vibaya, arudie, na mambo yaishie pale. Lakini Ziegler na Holzkamp waliuliza kwa nini. Walitafuta kwa muda mrefu mpaka wakakuta mwizi: nikeli kidogo sana, alama tu, iliyobakia ndani ya chombo. Chombo hakikuwa safi, kumbe uchafu wake ulikuwa na habari.

Hapo wakapiga hesabu kwa upande mwingine. Kama nikeli inasimamisha mnyororo, labda metali nyingine zinafanya vilevile, au labda kuna inayofanya kinyume. Kazi ikapewa kijana mwingine, Heinz Breil: ajaribu metali moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi ya kuchosha, sawa kupepeta mchanga siku nzima. Kobalti, ndugu zangu, ile kobalti yetu, ilifanya sawa na nikeli, ikasimamisha. Platini pia. Halafu Breil akafika kwenye zirkoni. Alipofungua chombo akakuta kimejaa kitu cheupe, kigumu: polietileni, na presio iliyotumika ilikuwa ndogo mara nyingi kuliko ya Waingereza.

Wakaendelea na titani, ikafanya kwa nguvu zaidi. Mwisho wa Oktoba 1953, Heinz Martin akajaribu bila presio kabisa. Alipitisha etileni katika chombo cha kioo, sawa zile chupa pana ambazo wa mama wa Ujerumani wanahifadhia matunda, ndani yake mkiwa na kichochezi cha aluminyo na titani. Kitu cheupe kikaanza kutokea palepale mbele ya macho, na ndani ya saa moja chombo kilikuwa kimejaa uji mzito. Chuma kizito cha presio hakikutakiwa tena. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule wakaandikisha breve, karatasi ya kulinda haki ya uvumbuzi.

Kwenye hiyo breve kuna majina manne: Ziegler, Breil, Holzkamp, Martin. Hilo nalipenda. Baadaye zawadi zilikuja kwa jina la mmoja, ni vile dunia inavyofanya, lakini ile karatasi inasema ukweli.

Plastiki mpya ilikuwa nini zaidi ya ile ya zamani? Mnyororo wake ulikuwa umenyooka, karibu bila matawi. Minyororo iliyonyooka inabanana kama fito zilizofungwa pamoja. Kwa hiyo inakuwa ngumu zaidi na haitobolewi kwa urahisi, na inangojea moto wa nyuzi karibu 130 kabla ya kuyeyuka, wakati ile laini inayeyuka karibu na 110. Tena bado ni nyepesi, inaelea juu ya maji. Aside za kazi yetu ya kila siku haziili, maji hayaingii ndani yake, kutu haijui. Hizo njo sababu tiyo za chuma zimekimbia mahali pengi kwenye shaba na kobalti. Ni haki kusema pia kwamba ku Marekani, Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips walifika mahali pamoja kwa njia yao wenyewe tangu 1951, wakitumia kromi. Njia mbili hizo zote zinatumika mpaka leo.

Kichochezi cha Ziegler kilizaa mtoto mwingine wa pekee, na huyu napenda kumkalia kidogo. Mnyororo ukiachwa urefuke sana, mara nyingi kuliko wa plastiki ya bido, unapata polietileni ya minyororo mirefu kupita yote. Kampuni ya Ruhrchemie ya Oberhausen, jirani kabisa na Mülheim, ilianza kuitengeneza miaka ileile ya 1950. Hii plastiki ina tabia ya ajabu: hata ukiipasha moto mpaka iyeyuke, haitiririki. Minyororo imeshikamana sana. Huwezi kuimimina katika kalibu kama unavyofanya beseni. Unakandamiza unga wake kwa joto na nguvu mpaka uwe ubao mzito, kisha unakata na kutoboa kama fundi wa mbao. Lakini ukiisha kuupata ubao huo, unateleza kama umepakwa mafuta na haufi upesi kwa kusuguliwa na mchanga na maji.

Mu migodi, mbao hizo zinafungwa ndani ya bene za malori na ndani ya mifereji ya kupitishia mawe. Wakati wa mvua udongo wetu mwekundu unashika kwenye chuma kama gundi. Mwenzetu anatumwa kuingia ndani na jembe kubandua, na hapo njo watu wanafunikwa. Ukibandika plastiki hiyo, mzigo unateleza wenyewe na mtu anabaki nje. Lakini haifai kila mahali. Jiwe kubwa lenye makali likianguka kutoka juu linaikata. Joto likipita nyuzi 80 hivi, nguvu inapungua. Na inawaka! Nilishaona, ku kazi moja ya zamani, fundi anakata chuma kwa moto juu ya mfereji wenye plastiki ndani, bila mtu wa kulinda na maji. Cheche ikaingia. Plastiki ya jamaa hii inawaka kama mshumaa, inadondosha matone ya moto chini, na mkanda uliokuwa chini ukashika. Tulitoka wote, kwa neema. Tangu siku ile sikubali kazi ya moto ianze kabla plastiki haijatolewa au haijafunikwa na kulowanishwa, hata bosi akiwa na haraka. Na ninyi wa mama, mfuko wa plastiki haufai kuwashia mbabula, juu matone yake yanashika ngozi na hayabanduki.

Mbao hizohizo ziliingia hata ndani ya mwili wa mtu. Ku Uingereza, daktari John Charnley alikuwa anaweka viungo vya nyonga kwa watu wasioweza kutembea. Alitumia plastiki nyingine inayoteleza sana, Teflon, lakini ililika haraka, na wagonjwa kama mia tatu wakapaswa kurudi kupasuliwa. Mwaka 1962 muuzaji mmoja wa gurudumu za meno za mashini za kufuma alileta kipande cha ile plastiki ya Oberhausen. Charnley alikitazama, hakukiamini. Fundi wake Harry Craven alikiweka kwenye mashini ya kusugua hata hivyo, daktari akiwa safarini. Siku zikapita na kipande kililika kidogo sana. Daktari aliporudi, akaona mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule kiungo cha kwanza cha plastiki hiyo kikawekwa ndani ya mgonjwa. Mpaka leo watu wengi duniani wanatembea juu yake.

Turudi kwa Ziegler, juu mambo yake hayakuwa ya furaha tupu. Kabla ya ushindi wa 1953 alikuwa amefanya mapatano na kampuni ya Montecatini ya Italia, na vijana wake walikuja Mülheim kujifunza. Mshauri wa kampuni hiyo alikuwa Giulio Natta, profesa wa Milano, mtu mwenye akili sana. Mwezi wa tatu 1954, Natta alichukua kichochezi cha Ziegler akakipa gazi nyingine, propileni. Akapata polipropileni, plastiki ambayo leo inasukwa kuwa mifuko ile tunayobebea mali. Montecatini wakaiandikisha kwa jina lao kabla Ziegler hajajua lolote, wakati yeye naye alikuwa anaelekea palepale. Ziegler aliona ameibiwa na rafiki aliyemkaribisha mezani. Natta naye alikuwa na haki yake: yeye njo aliyeeleza vizuri namna minyororo ile inavyojipanga, kila tawi dogo upande wake. Urafiki ulipoa miaka mingi. Mwaka 1963 walipewa pamoja Zawadi ya Nobel ya shimi ku Stockholm, wakasimama jukwaa moja. Natta alikuwa tayari anatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson.

Feza ilikuja, nyingi. Makampuni ya nchi mbalimbali yalilipa ili kutumia breve za Mülheim. Njo hapa sharti la 1943 lilionyesha matunda: nyumba ya makaa iliyomwacha mtu atafute popote iliishi miaka na miaka kwa malipo ya plastiki. Mwaka 1968, alipotimiza miaka 70, Ziegler na mke wake walitoa milioni 40 za feza ya Ujerumani ya wakati ule, ziwe mfuko wa kusaidia utafiti wa nyumba ileile. Picha za wasanii wa kisasa walizokusanya nyumbani, wakaziacha kwa makumbusho ya mji wa Mülheim. Nikisoma hivyo najiuliza ni nyumba gani ya elimu imesimamishwa kwa kobalti yetu, ambayo itakuwa bado inasimama siku mawe yakiisha. Kama iko, nionyesheni, nitaiandika hapa.

Mwaka 1969 aliacha uongozi. Alikuwa anapenda kusafiri, zaidi sana kwenda kutazama jua likifunikwa na mwezi. Alikodi ndege, akakodi nafasi kwenye meli, ili tu afike mahali ambapo giza litaanguka mchana. Mwaka 1972, akiwa melini kwa safari kama hiyo pamoja na mjukuu wake, akashikwa na ugonjwa. Alikufa Mülheim tarehe 12 Agosti 1973, miaka 74.

Migodi ya makaa ya Ruhr ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Ule wa mwisho, Prosper-Haniel ku Bottrop, ulisimama mwezi wa Desemba 2018. Nyumba ya utafiti ya Mülheim bado inafanya kazi, na jina lake bado ni lilelile la makaa ya mawe.